Justa na Sentensi za Mayala

Mke wa mdogo wangu Kashindye anaitwa Justa, mtu wa Bukoba, na katika ukoo wetu ndiye wa kwanza kwenda Chuo Kikuu mara mbili. Mara ya kwanza alirudi na digrii, akapata kazi ya kufundisha hapa Mwanza. Mara ya pili alikwenda Dar kusomea shahada ya uzamili, akaniachia Hellen, mtoto wao, na mume naye akaniachia, maana nilikuwa nakaa nao Mabatini tangu nifiwe na mume wangu.

Wenzangu wa jumuiya waliniuliza, "Wifi yako anasomea nini hasa? Udaktari?" Nikawajibu anasomea sentensi. Wakacheka. Mwaka ule wa 1996 kila mtu alikuwa anatafuta pa kufungulia duka, au jamaa wa kumwingiza kiwandani kukata minofu ya samaki, na huyu mama mzima anasomea sentensi! Mwenyewe alinieleza hivi: kila lugha ina namna yake ya kupanga maneno, na mzawa anaijua bila kufundishwa. Yakipangwa vibaya sikio lake linakataa, ila kwa nini linakataa hawezi kukuambia. Hiyo "kwa nini" ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Chuoni wanaiita sintaksia. Alikuwa akiichora sentensi kama mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini, na kwenye ncha ya kila tawi neno moja. Mimi nina shule ya msingi tu, lakini michoro ile nilipenda kuitazama.

Likizo moja alirudi kukusanya sentensi za Kisukuma. Kashindye alifurahi kama mtoto. Yeye ni Msukuma, tena mwalimu wa Kiswahili sekondari. Alinyoa ndevu, akavaa shati la kufundishia, akakaa sebuleni.

"Haya, mke wangu, niulize."

Aliulizwa asubuhi moja tu. Kila sentensi aliyopewa aliitengeneza. "Watu husema hivyo, lakini si sahihi. Andika hivi."

"Baba Hellen," Justa akamwambia kwa upole, "sitaki iliyo sahihi. Nataka ile wanayoisema watu."

"Yaani unaandika makosa ili upewe digrii?"

Alasiri Justa akaja jikoni kuniuliza kama namjua Msukuma asiyependa kusahihisha wenzake.

Nikamletea Mayala, tunaimba naye kwaya. Huyu alichunga ng'ombe wa baba yake kule Misungwi mpaka akawa mtu mzima, sasa anakata sangara kiwandani. Mtu wa kicheko. Zamu yake ikiisha anakuja, wanakaa uani, na mimi niko palepale nachambua mchele. Hakuna lililofichwa.

Taabu ilianza na majina. Justa akisema, "Mtu amempikia mwanamke ugali, inasemeka?" Mayala anauliza, "Mtu gani?"

"Yeyote."

"Shemeji, siwezi kumsemea mtu nisiyemjua. Weka mtu."

Basi akajiweka mwenyewe, na mwanamke akamweka Justa, kwa sababu ndiye aliyekaa mbele yake. Uani kwetu ikawa hiyo hiyo kila alasiri: Mayala amempikia Justa ugali. Justa amepikiwa ugali na Mayala. Mayala ndiye aliyempikia Justa ugali. Sentensi hizi mimi naziandika kwa Kiswahili, lakini wao walisema kwa Kisukuma, na Kisukuma ndicho Kashindye alichonyonya. Yuko ndani anasahihisha madaftari, dirisha wazi, anasikia Mayala amemchinjia mkewe mbuzi, amemtekea maji, amemsubiri njiani.

Akaja jikoni. "Dada, unamsikia huyu mtu?"

"Namsikia. Anasaidia masomo."

"Masomo ya kumsubiri mke wangu njiani?"

"Ni mfano, mdogo wangu."

"Mfano! Halafu ananuka sangara. Hivi wewe hunusi?"

"Nanusa. Nawe ukikata sangara kutwa utanuka."

Ukweli ni kwamba Kashindye hakuogopa kuibiwa mke. Anajua Mayala ni mtu wa sala. Kilichomuunguza ni vile Justa alivyomsikiliza. Mayala akifungua mdomo tu, kalamu ya Justa inakimbia. Anainama, anasema, "Rudia tafadhali, polepole." Mume wake tangu wafunge ndoa hajawahi kuambiwa arudie alichosema. Nilimwona dirishani akiwatazama, nikamhurumia, maana wivu wa namna ile hauna hata mahali pa kuupeleka.

Siku moja Mayala akatoa sentensi ndefu kama kamba ya ng'ombe. Justa akapiga makofi. "Hiyo! Hiyo nimeitafuta tangu Dar!"

Kashindye akatoka na kalamu nyekundu mkononi. "Mayala, simama. Kuanzia leo ukitaka kupika, kapike kwako."

"Mwalimu, mimi hata kupika sijui."

"Na njia ya hapa uisahau."

Mayala akavaa kandambili zake akaondoka. Justa hakupiga kelele. Alikusanya karatasi zake, akasema, "Imebaki sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu anaingoja. Bila sentensi za Mayala sura hiyo haipo, na bila sura hiyo shahada haipo. Nitarudi kukaa hapa, na kila ukinitazama utajua ni wewe."

Jumapili Kashindye hakwenda kupokea komunyo. Alibaki kwenye benchi peke yake, nikamwombea. Tulipotoka akaniuliza, "Dada, nifanyeje?"

"Kamlete."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie una wivu. Anajua tayari."

Kesho yake akaenda kumngoja kwenye geti la kiwanda, amesimama katikati ya wanawake wanaongoja mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki. Walichozungumza sikukisikia. Walirudi wawili, Mayala mbele anacheka, Kashindye nyuma.

"Shemeji, nimerudi kwa sharti," Mayala akasema. "Mwalimu akae hapahapa, na kwenye sentensi aingie yeye. Mimi nitoke, nimechoka kupika."

"Na mimi nina langu," Justa akasema. "Mwalimu asisahihishe."

Kashindye akakaa, mdomo ameufunga, mishipa ya shingo imesimama.

"Kashindye amemnunulia Justa kitenge," Justa akaanza. "Inasemeka?"

Mayala akakuna kichwa. "Hapana."

"Haisemeki? Mbona za namna hii ulizikubali?"

"Zile nilijisemea mimi. Uongo wangu naubeba mwenyewe. Wa mwalimu siubebi. Hajakununulia kitenge, nitasemaje?"

"Shemeji, siulizi kama ni kweli. Nauliza kama mtu anaweza kusema hivyo."

"Mwongo anaweza."

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka ungo ukanitoka mkononi. Kashindye akainuka, akatoka nje bila hata viatu. Justa akaushika uso wake. "Basi. Imeharibika tena." Mayala akawa anavitazama vidole vyake, na mimi naokota mchele punje kwa punje.

Kumbe alikwenda madukani, barabarani pale. Alirudi na kitenge cha bluu, bado kimekunjwa, akakiweka mapajani pa mkewe. Alimgeukia Mayala.

"Haya, sema sasa."

Mayala akakigusa kwa ncha ya kidole, kama anahakikisha. Akasema kwa sauti ya kwaya, "Kashindye amemnunulia Justa kitenge. Inasemeka, shemeji. Andika."

Justa akaandika. Machozi yalikuwa karibu, lakini kazi ni kazi, akaigeuza sentensi ile kila upande: kitenge mbele, Justa mbele, Kashindye mwisho. Mayala akakubali nyingine, nyingine akazikataa, na Kashindye akavumilia zote. Kwa siku zilizobaki wakawa hivyo hivyo, watatu uani, mpaka sura ikatimia.

Shahada aliipata mwaka uliofuata, namshukuru Mungu. Lakini siku ile ya kurudi Dar alipanda treni amejifunga kitenge chake kipya, na mimi na Kashindye tukarudi nyumbani. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Dada, kile kitenge kimempendeza, au?"

"Kimempendeza sana."

Akatafuta ufunguo mfukoni, muda mrefu.

"Na huyo msimamizi wake wa huko chuoni," akasema, "ni mzee?"