Majina kwenye Picha za Hategekimana

Tangu mumewe Hategekimana azikwe, Emerance alizungumza zaidi na picha kuliko na watu. Majirani wa Nzahaha walikuwa wema, wakimpelekea maharage na salamu, lakini hakuna aliyemjua utotoni. Yeye alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Unakumbuka?"

Akaogopa kwamba na yeye siku moja hatakumbuka. Basi akaanza kuandika majina kwenye picha zilizobaki katika kompyuta ya marehemu. Anafungua picha, anaandika ni nani, anahifadhi. Kesho yake likimjia jina la ukoo, anafungua tena, anaongeza, anahifadhi. Picha aliyoirudia kuliko zote ni ya Hategekimana akicheka kizingitini, mtoto kamshika shingo.

Asubuhi moja aliikuza ili amtazame macho. Macho hayakuwepo. Palikuwa na vijisanduku vya kijivu, kama uso uliofutwa kwa kitambaa kibichi. Akatazama ukubwa wa faili: majina yameongezeka, lakini picha imepungua uzito.

Alipanda pikipiki hadi mjini Kamembe, kwa Latifu anayetengeneza kompyuta.

"Nimemuharibu na majina," alisema.

"Hapana, Maman. Majina haina kosa. Inakaa pembeni, inaongeza uzito kidogo tu, sura haiigusi. Lakini hii programu yako, kila mara unahifadhi, inakamua picha upya. Kila mara inatupa kitu."

"Na kile inatupa, kinarudi?"

Latifu alitikisa kichwa. "Utafute muntu mwenye copie ya kwanza, ile haiyakamuliwa. Asikutumie kwa simu, nayo inakamua. Aiweke kwenye flashi."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu: Josiane, wifi yake wa Bukavu, aliyempa marehemu picha ile. Josiane alitaka kaka yake azikwe huko huko Bukavu, Emerance akakataa, na tangu makaburini hawakusemeshana. Ilimchukua siku kadhaa kupiga simu.

"Ni mimi, Emerance."

"Nilizani ulishanisahau."

"Natafuta picha ya Hategekimana. Ile ya kizingitini."

"Iko. Kuya uichukue."

Akavuka mpaka. Josiane alikuwa amekonda. Walikaa mbele ya kompyuta bila kugusana, na Hategekimana akatokea, macho yake yote mawili, hata kovu dogo la nyusini. Emerance aliziba mdomo kwa kitenge.

"Na huyu mutoto? Mimi niliandika Tuyishime."

"Tuyishime gani? Huyu ni Izabayo wangu. Alifariki mwaka ule ule wa hii picha." Josiane aligusa uso wa mtoto kwenye kioo. "Hakuna muntu ananiulizaka jina yake."

Emerance alimwekea mkono mgongoni, na Josiane hakuuondoa. Kuhusu kaburi hawakusema neno.

Nyumbani, akaandika upya kwenye nakala aliyoileta kwa flashi, kwa programu mpya aliyowekewa na Latifu, isiyokamua picha: Hategekimana. Izabayo, mwana wa Josiane. Akaikuza picha. Macho yalikuwa palepale, yakimtazama. Akatamani kumwonyesha mtu, akainua kichwa. Chumba kilikuwa kitupu, na nje mvua ilikuwa inaanza kupiga migomba.

Akafunga kompyuta, akaenda kumenya ndizi za mlo wa mtu mmoja.