Nukta Nyekundu kwenye Kinanda cha Ami Nassor

Sisi Wazanzibari tuliokulia Ibra, bara ya Maskati, miaka ya tisini tulikuwa na redio kaseti moja nyumba nzima, na penseli imelazwa kando yake. Mtoto wa leo ukimuuliza penseli na kanda zina ujamaa gani, atakutazama kama umemuuliza ujamaa wa ngamia na friji. Sisi tulijua. Kanda ikitafunwa, unautoa utepe taratibu, unaitia penseli kwenye tundu, unazungusha huku umezuia pumzi, na ndugu zako wote wamekuinamia kama unampasua mtu tumbo.

Asubuhi skuli, Kiarabu kitupu. Mchana ukivuka kizingiti cha nyumbani, Kiswahili, na shikamoo ukianzia kwa aliye karibu na mlango. Alasiri tulicheza mdako kwenye baraza mpaka vidole vikachubuka, au tulikwenda kutumbukiza miguu kwenye falaji, maji yanayopita chini ya mitende, yaliyo baridi hata mwezi wa sita. Jumatano Bibi, mama yake baba, alinichukua soko la wanawake. Alipatana bei kwa Kiarabu chenye lafudhi ya Unguja, na wauzaji walijifanya hawakusikia ili aseme tena. Kurudi nyumbani pana mkate wa kumimina, chai ya maziwa yenye hiliki, na ile kauli yake: “Kula kwanza. Mdomo mmoja haufanyi kazi mbili.”

Mimi nilikuwa na daftari la jalada la kijani. Kila nilichokiona nilikiandika: nani kaja, kaja na nani, kaleta nini. Mama alisema nitaolewa na polisi. Lakini kurasa nyingi za daftari lile zilikuwa za mtu mmoja, Ami Nassor, mdogo wake baba.

Asubuhi Ami alikuwa fundi wa umeme, na alijua kila nguzo kuanzia Ibra mpaka Mudhaibi. Alasiri alifungua stoo ya tende iliyokuwa nyuma ya jiko, akaondoa shuka kuukuu, na chini yake pana kinanda cha umeme alichokuja nacho kutoka Wales. Humo stooni, kati ya magunia na harufu ya tende, ndimo nilimomhoji, na ndimo nilimoandika historia ya kundi ambalo Ibra nzima hakuna aliyepata kulisikia.

Liliitwa kwa Kiwelshi jina ambalo maana yake ni Mvua ya Jumanne. Walikuwa watatu. Gareth, mrefu, mtoto wa mchimba makaa, ndiye aliyeimba. Dilwyn, mwoka mikate, aliyesema maneno kumi kwa wiki, alisimamia mashine ya kupiga ngoma. Wa tatu ni Ami, aliyepelekwa kule kusomea umeme, na ambaye ndiye peke yake aliyeweza kukitengeneza kinanda kikiharibika. Walifanyia mazoezi chini ya kanisa, kwenye baridi, Ami amevaa glavu zilizokatwa ncha za vidole. Walipiga kwenye kumbi za mji mdogo ambao jina lake linaanza na L mbili; Ami alilitamka kama anayemfukuza paka, nasi tulimwomba alirudie mpaka achoke.

“Kumbi za namna gani, Ami?” nilimuuliza, kalamu tayari.

“Za kawaida. Andika yanayofuata.”

Yaliyofuata ni santuri moja, nyimbo mbili, iliyopigwa mara chache kwenye redio ya Wawelshi. Kisha akaja bwana kutoka London, kavaa koti la ngozi, akasikiliza wimbo wao mkubwa, akasema ataununua, ila kuna noti moja ya kinanda imekosewa. Wainyooshe, aondoke na wimbo. Gareth akataka inyooshwe. Dilwyn akanyamaza, kama kawaida yake. Ami akakataa. Bwana wa koti akapanda treni bila wimbo, na kabla ya mwezi kwisha Mvua ya Jumanne ikawa imekatika. Tangu kuanza mpaka kufa, miezi kumi na minne.

Sasa, upande wa kushoto wa kinanda kile palikuwa na kigurudumu kidogo, ukikisukuma sauti inapanda au inashuka kidogo. Kwenye kigurudumu niliona nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Nikauliza. Ami akaenda kurudishia mlango, ndipo akanieleza. Wimbo ule aliutunga juu ya sauti aliyokuwa akibembelezewa na Bibi, alipokuwa mdogo Unguja. Lakini noti moja ya Bibi haikuwamo kwenye kinanda; iliangukia kwenye ufa, kati ya kibao cheupe na cheusi. Jumapili moja ya mvua akaitafuta kwa kigurudumu mpaka akaipata, na dada yake Gareth akampa rangi ya kucha atie alama, ili kila akifika pale mkono wa kushoto ujue pa kusimama. Ile ndiyo noti aliyoambiwa ainyooshe.

“Bibi anajua?”

“Hajui, na wewe usimwambie. Atasema najitafutia udhuru kwa wimbo wake mwenyewe.”

Alikuwa na haki ya kuogopa. Bibi aliwatangazia watu wote kwamba mwanawe atarudi baada ya miaka mitatu. Akarudi baada ya minne, na mwaka ule wa nne, wa Mvua ya Jumanne, ndio Babu aliofariki akimwulizia. Bibi hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, “Kinanda kile kimemlia mume wangu mwaka mzima,” na tangu siku hiyo akawa anapita nje ya stoo ile kama anapita penye nyoka. Santuri hakuisikiliza. Zamani alikuwa mwimbaji, wanawake wa mtaani kwao Unguja hawakuanza sherehe bila ya yeye. Sisi wajukuu hatukupata kumsikia hata akivumisha sauti.

Ikaja harusi ya Shangazi Zuwena, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa anaolewa na watu wa Mudhaibi, Waarabu wa bara wasiojua neno la Kiswahili. Mama yake bwana harusi, Ummu Hamad, alikuja na dada zake wote, wamevaa barakoa za Kiarabu, wamenyooka kama mihimili, wakakaa upande wa mbele wa hema la wanawake kungoja waone hawa Wazanzibari wana nini. Wapigaji na waimbaji wa kike walikuwa wameagizwa kutoka Sur. Mvua ilinyesha milimani, wadi, bonde kavu la siku zote, ikajaa maji, njia ikafungwa. Saa kumi za alasiri tukapata habari: gari lao liko ng'ambo ya maji, na halivuki leo.

Ummu Hamad alikunywa kahawa finjani ya nne. Wanawake wetu walianza kupangusa sahani zilizokwisha kupanguswa. Ndani, bibi harusi akamwita mama yake.

“Mama, mwambie Nassor.”

“Kinanda kile hakiingii kwenye harusi yangu.”

“Harusi ni yangu, mama.”

Bibi akafikiri. “Basi yeye asiingie.”

“Haingii, mama. Mwanamume huyo.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ami alijifungia stooni na magunia yake, waya ukapita dirishani, ukavuka ua, ukafika kwenye spika iliyosimamishwa hemani juu ya kiti. Mimi, kwa umri wangu, niliruhusiwa kote kuwili, na daftari lilikuwa kwapani.

Akaanza na nyimbo za redioni ambazo kila mtu anazijua. Safi, zimenyooka, hazina kosa. Wanawake wetu walipiga makofi ya heshima. Ummu Hamad akamwinamia dada yake, akasema kwa Kiarabu, nami nilisikia, “Kama kengele ya skuli.”

Nikakimbia stooni. “Ami, wanasema kama kengele ya skuli.”

Akacheka mpaka akafuta macho. “Hata London hawakunitukana hivyo.”

“Piga ile ya Wales.”

“Bibi yako kakaa wapi?”

“Mbele ya spika.”

Kicheko kikakatika. Akaitazama ile nukta nyekundu kwa muda. Nilijua anachopima: Bibi akiusikia wimbo ule na kuinuka kuondoka, basi ameondoka mbele ya wakwe, na ule mwaka hautasamehewa tena duniani. Akafuta vidole kwenye kanzu yake ya dishdasha, akawasha kanda ya ngoma za Dilwyn, akaweka mkono wa kulia kwenye vibao, wa kushoto kwenye kigurudumu. Mimi nikarudi mbio hemani ili nione.

Noti za mwanzo zilipotoka, Bibi alikuwa anammiminia mgeni kahawa. Ya pili, ya tatu, bado anamimina. Ikafika ile ya kwenye ufa. Buli likasimama hewani. Kahawa haikumwagika, ila haikuendelea. Wimbo ukazunguka, noti ikaja tena, na nikamwona Ummu Hamad, yule mhimili, anatikisa kichwa upande mmoja na kusema polepole, “Allah.” Kwa sababu noti ile, ambayo London iliita kosa, yeye alikulia nayo, imo kwenye nyimbo za bibi zake kama ilivyo kwenye nyimbo za bibi zetu.

Bibi akaliweka buli chini. Akasimama. Nilidhani anaondoka. Akaifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaungoja wimbo uzunguke, akauingia mlangoni pake:

*Karafuu zi uwani, jua linazianika,*
*Mwanangu yu mapajani, usingizi wamfika.*

Sauti ilikuwa na kutu mstari wa kwanza. Wa pili kutu imetoka. Wa tatu, vigelegele vilianzia kwetu, vikavuka hema, na watu wa Mudhaibi wakavipokea. Ummu Hamad akainuka na barakoa yake, akaja katikati, akasimama bega kwa bega na Bibi, akapiga makofi kwa mapigo ya mashine ya Dilwyn mwoka mikate, ambayo Ami alikuwa ameyahifadhi kwenye kanda miaka yote ile. Waliurudia wimbo mara saba. Nilihesabu, imo daftarini.

Walipopumzika kula, Bibi alichukua sahani, akaipakia wali na nyama kwa mkono wake, akaenda mpaka dirisha la stoo. Nilimfuata kwa nyuma.

“Nassor. Ile umeitoa wapi?”

“Kwako, mama. Wa London walitaka niinyooshe.”

“Nawe ukakataa?”

“Ndiyo, mama.”

Aliingiza sahani dirishani. “Ungeinyoosha, ndipo ningegombana na wewe. Kula. Mdomo mmoja haufanyi kazi mbili.”

Kesho yake kinanda kilihamishwa kutoka stooni. Kiliwekwa majlisi, mahali pa wageni, na Bibi akakifunika kwa kile kitambaa cheupe alichokishona kwa mkono, ambacho mpaka siku ile hakuna kitu kilichostahili kufunikwa nacho isipokuwa televisheni. Kila mgeni aliyekuja akaambiwa, “Huyu mwanangu alikuwa na kundi Wales,” na akionekana kutosadiki, Bibi alimwonyesha nukta.

Siku hizi harusi ni za ukumbini Maskati, na muziki ni wa simu. Watoto wana nyimbo elfu mfukoni, wanasikiliza robo ya kila mmoja. Mwaka huu mwanangu Salim alinisaidia kuhamisha kanda ambayo Ami aliurekodia wimbo ule kuingia kwenye kompyuta, kwa ajili ya harusi ya binti wa Shangazi Zuwena. Akafika penye ile noti, akaona alama nyekundu kwenye kioo.

“Mama, hapa sauti imekosewa. Programu inaweza kuinyoosha yenyewe, nibonye?”

Bibi hayupo tena. Ami amezeeka, vidole vinatetemeka, lakini alikuwa amekaa palepale na fimbo yake, na alinitazama.

“Usibonye,” nilimwambia Salim. “Kama hiyo programu ina shaka, na ivae kanga ije hapa iimbe.”

Tuliupeleka ukumbini kama ulivyo. Ilipofika ile noti, wazee wa kike waliobaki, wa kwetu na wa Mudhaibi, waliinuka kwa pamoja. Vijana walishusha simu zao na kugeuka kutazama, hawajui ni kitu gani kilichowainua.