Mwalimu Aliyetufundisha Kutembea kwa Kiingereza

Juzi binti yangu alirudi na kazi ya nyumbani: maneno ya Kiingereza ya kutembea, kila moja na sentensi yake. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Mchesi, natia zipu kwenye sketi ya mteja mmoja msumbufu. "Mama, 'trudge' njo kutembea namna gani?" Nikasimama, futi ya kupimia ingali shingoni, nikamwonyesha: mabega chini, mguu unang'oka kwenye matope, unatua tena kwenye matope. Nilivuka chumba kizima hivyo. Mtoto alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka wala sikuhuzunika. Nilirudi kwenye zipu. Ila wewe, rafiki yangu, ngoja nikueleze nilikojifunzia.

Nilikulia katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na koko wangu, mama mzaa mama, aliyenitoa Bukavu nikiwa mgongoni kwake. Namkumbuka na sombe yake ya majani ya muhogo ikichemka tangu saa nne, na kwaya tatu zikifanya mazoezi jioni ileile, kila moja na wimbo wake, hakuna anayemwachia mwenzake. Asubuhi nilichota maji kisimani, kisha shule, kisha kuni. Alasiri nilikwenda kwa Mwalimu.

Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kule nyumbani alifundisha Kiingereza, halafu wakati wa kukimbia mguu wake wa kushoto ulivunjika na kuunga vibaya. Kwa hiyo alifundisha akiwa kitini, chini ya ukuta wake wa udongo, na sisi ndio tuliotembea. Alisema neno lisilopita miguuni halikai kichwani. "Stroll" alitwambia ni mwendo wa mtu aliyeshiba, na sisi tulioshindia uji tulikatiza ua mikono nyuma kama machifu. "March" tulitembea bila kucheka, kwa sababu wengine wetu tuliwahi kuisikia ikija na buti. "Wander" ni kwenda bila kujua unakokwenda. "Proceed", alisema, ni neno la ofisini, halina haja ya miguu. "Limp" hakumpa mtu. Hilo aliinuka akalitembea mwenyewe, hatua nne kwenda, nne kurudi, akaketi.

Koko alituchungulia akibandua maganda ya kitunguu. "Bazungu banapenda kujichosha," alisema. "Kwenda ni kwenda. Siye tulikwenda tu, na tukafika." Mwalimu alimjibu, "Mama, na siku ile ya vita, ulikwenda ama ulikimbia?" Koko akacheka akasema mwenda pole hajikwai, ila siku ile alijikwaa mara nyingi.

Mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote, basi Mwalimu akanichagua. Nilimchukulia posho yake siku ya kugawa, na kila Ijumaa nilikwenda kumsomea ubao wa matangazo wa ofisi ya kambi, kwa sababu ulikuwa mbali na mguu wake. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyetangulia Kanada na familia ya shangazi yake. Faili ya Mwalimu ilikuwa njiani kumfuata. Siku jina lake likitoka ubaoni, ataitwa kwenye mahojiano, na baada ya hapo ni kungoja ndege. Jumapili binti alipiga simu ya jirani, na Mwalimu aliongea amesimama, hata kama mguu ulimuuma.

Sasa sikiliza hili, ni la kwetu sisi wa kambini. Pale watu hawajuani majina ya kwenye karatasi. Huyu ni Mama fulani, yule ni Fundi, huyu ni Pasta, na yeye alikuwa Mwalimu hata kanisani. Jina lake refu la kwenye kadi ya posho, nililijua mimi peke yangu, kwa kuwa ndimi niliyebeba hiyo kadi.

Ijumaa moja ya masika nililikuta. Karatasi ya tatu, katikati. Aripoti Jumatano saa mbili asubuhi. Watu walinisukuma kushoto na kulia, wakitafuta yao, na wote walilipita jina lile kama la mgeni. Nililisoma tena kwa kidole. Nikaona kiti kitupu chini ya ule ukuta. Niliogopa kuachwa, ni hivyo tu, sina maelezo mengine ya kukupa. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Nilirudi. "Liko?" akauliza.

"Haiko, Mwalimu."

"Haizuru. Itatoka." Akanipa andazi.

Nililila lote. Jumatano ilipita akitufundisha "advance", kusonga mbele. Ijumaa iliyofuata karatasi zilibadilishwa.

Mwaka uliofuata, binti yake alipomsumbua sana kwa simu, Mwalimu alipanda kabaza, akashikilia kiuno cha mwenye baiskeli, akaenda ofisini kuuliza. Alirudi mchana. Nilikuwa nafagia ua wake. Alikaa kitini, akalaza fimbo magotini, akasema, "Banasema balishaniita. Sikufika, bakafunga faili." Aliniangalia. Niliendelea kufagia. Saa tisa wenzangu walikuja, akatufundisha kama kawaida, akanipa na mimi neno langu nikalitembea. Ila ubao hakunituma tena.

Tangu hapo kuna mahali ndani yangu pana ganzi. Nimeolewa, nimezaa, nimemzika koko, pamebaki hivyo. Nilipohamia mjini, kila Jumamosi nilipanda minibasi mpaka Lumbadzi, nikaunganisha mpaka Dzaleka, nikamfulia, nikampikia nsima, ugali wa huku, laini maana meno yalikwisha. Kila Jumamosi nilisema leo namwambia. Nilikuwa nasonga nsima, nasema, akishakula. Akishakula alisinzia.

Alifariki kwenye kitanda chake cha kamba. Sasa ua ule umejengwa kibanda cha kuchaji simu, ukuta wake umebomolewa, na wenzangu waliotembea nami wamesambaa, wengine Ulaya, wengine sijui. Watoto wa siku hizi wanayatafuta maneno kwenye simu, wamekaa.

Binti yake wa Kanada alinipigia siku ya mazishi, na hupiga kila mwaka tarehe ile. Mwaka huu alilia kidogo, halafu akasema kwa Kiswahili chetu ambacho hajakisahau: "Dada, nilikuwa naomba kila siku papa asibaki yeye moya, bila mtu, kule. Mungu alinisikia. Njo akakuweka weye."

Nikasema amina.