Kesho Usije

Mume wangu alisamehewa Jumapili, mbele ya kanisa zima, na hakujua amesamehewa nini.

Nilikuwepo. Nilikaa benchi la tatu, nimemshika pacha mmoja sikio ili atulie. Wakati wa ushuhuda, baba yangu mzazi akasimama. Ni seremala aliyekula chumvi nyingi, na vumbi la mbao zaidi ya chumvi. Mkono wake wa kulia unatetemeka tangu alipougua mwaka jana, kwa hiyo aliuficha mfukoni. Akasema, "Kuna mtu nimemfungia moyo miaka saba. Mtu huyo ni mkwe wangu. Leo, mbele za Mungu na mbele zenu, nimemsamehe. Kesho arudi karakana." Akaketi.

Kanisa likalipuka kwa makofi. Kina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akafuta macho. Mume wangu naye akapiga makofi. Alikuwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kuacha, anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye harusi ya watu asiowajua.

Nje alipeana mikono na nusu ya waumini. "Hongera kwa kusamehewa, ndugu." Naye anaitikia amina, amina. Tulipofika kwenye kona pasipo na wa kutusikia, akanigeukia.

"Mama Pacha, nilimfanya nini baba yako?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sasa nimuulize nani?"

Mume wangu watu humwita Gundi. Jina alilipata wiki ya kwanza alipoingia karakana ya baba, mtu mzima wa miaka ishirini na minne ambaye alikuwa ameshajaribu kupaka nyumba rangi, akaanguka ngazi, na kuuza viatu, akashindwa kubishana na wateja. Siku ya tatu aliweka kiganja juu ya ubao uliopakwa gundi, akasimama hapo akisikiliza maelekezo ya baba kwa heshima zote, mpaka kiganja kikaganda. Alidhani ni sehemu ya mafunzo. Baba alicheka hadi akakaa chini, na nadhani ndipo alipompenda. Mimi nilimpenda baadaye kidogo, nilipoona kwamba kila anachokishika hakiachi.

Baba alimfundisha kila kitu. Alimfundisha kusikiliza randa, maana randa butu ina sauti yake. Alimfundisha kuchonga ulimi wa mbao uingie kwenye tundu lake bila kulazimishwa, na kumwombea mtu atakayekalia kiti kabla ya kukipiga msasa. Mimi, mtoto wake wa kwanza, niliyekua nikifagia maranda ya karakana hiyohiyo, hakunifundisha hata kushika nyundo. "Utaumia vidole," alisema. Nimeumia kwingi maishani, vidole bado vizima.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja. Ukiharibu chombo, usikirudishe mahali pake. Kiweke juu ya meza ya mzee, kikiwa wazi, halafu nenda kanywe chai. Ukirudi, mzee hatakuuliza neno. Atakuonyesha namna ya kukitengeneza. Mwaka wa kwanza wa Gundi meza ile iligeuka wodi ya majeruhi. Misumeno iliyong'oka meno, nyundo zisizo na mipini. Baba hakuwahi kumfokea. Alisema kuvunja ni kazi, kuficha ndiyo dhambi.

Kisha, mwaka mmoja baada ya harusi yetu, tumbo langu likiwa kubwa kama pipa, Jumatatu moja baba alimfuata Gundi akiwa anafunga mlango, akamwambia, "Kesho usije."

Gundi akauliza, "Keshokutwa je?"

Baba alidhani anafanyiwa mzaha. Masikini, haukuwa mzaha. Mume wangu alikuwa anapanga wiki yake. Baba akamfungia mlango usoni, na tangu siku hiyo walisalimiana kanisani tu, salamu za kukunja midomo.

Nilimwuliza baba kuna nini. "Mwenye kosa anajijua." Nilimwuliza Gundi. "Sijui." Nikaishi miaka saba katikati ya hao wawili. Wiki hii namwamini baba, wiki ijayo namwamini mume wangu. Kuna siku, na hili linaniuma kuliandika, nilimtazama Gundi akitengeneza miguu ya viti vya watu pale barazani kwetu, nikasema moyoni: huyu anajua alichokifanya, anatufanya wajinga. Wifi yangu alikuja siku moja akamwambia, "Kaka, kikulacho ki nguoni mwako." Nilimtoa nje na mwiko mkononi. Nilimwomba Mungu anionyeshe mwongo ni nani. Niwaonye tu: maombi mengine yakijibiwa utatamani ungeomba mvua.

Na Gundi kila asubuhi, kabla hajashika kazi, anamwombea baba. "Mbariki mwalimu wangu." Nikimsikia nilizidi kuchanganyikiwa. Mtu mwenye hatia anaomba hivyo? Au ndiye hasa anayeomba hivyo?

Basi, Jumapili ile ya msamaha hatukula kwa raha. Gundi alikaa na sahani mbele yake akijihesabia dhambi.

"Nilisinzia siku aliyohubiri."

"Kila mtu alisinzia."

"Nilichukua vipande vya mbao nikawashia jiko."

"Alikupa mwenyewe."

"Nilisema kiti cha mchungaji kimeinama."

"Kimeinama. Gundi, nenda kamuulize."

Akatikisa kichwa. "Mtu kakufungulia mlango baada ya miaka saba, unasimama kizingitini unamuuliza kwa nini alifunga? Nikisema sijakosa, nimemfanya mwongo mbele ya kanisa. Nikinyamaza, nimepokea kisicho changu mbele ya Mungu. Nifanye nini?"

Nilimwambia ale.

Jumatatu alirudi karakana. Alivaa aproni yake ya zamani, ambayo baba aliiacha kwenye msumari uleule miaka yote saba, na hilo nalo lilimchanganya. Kazi ilikuwa mimbari mpya ya kanisa. Baba hawezi tena kushika chombo kwa mkono ule, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda akielekeza, na Gundi akachonga. Jumanne vivyo hivyo. Wakaongea habari za mbao tu. Gundi alirudi nyumbani ana furaha na hana amani. Aliniambia kwamba kila baba anapomwita "mwanangu", anahisi ameitwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Jumatano mchana niliwapelekea chakula. Nilikuta baba amesimama chini ya rafu ya juu, anateremsha kitambaa cha kijani kwa mkono wake mzima. Ndani ya kitambaa kile kulikuwa na patasi yake pana, aliyopewa na fundi aliyemfundisha yeye. Katika maisha yangu yote mikono miwili tu iliruhusiwa kuishika: wa baba, na baadaye wa Gundi.

"Chukua," baba akasema. "Kazi yangu imekwisha. Ni yako, pamoja na kosa lake. Nimeshasamehe."

Gundi akafungua kitambaa. Kwenye makali ya patasi, upande mmoja, palikuwa na pengo kama la mtoto aliyeng'oka jino. Akalipapasa kwa kidole. Akainua uso, na swali likamtoka kabla hajalipima.

"Nani amefanya hivi?"

Nilimwona baba akibadilika rangi. "Hata leo?" akasema. "Nimesimama mbele ya kanisa kwa ajili yako, na hata leo unaniuliza nani? Miaka saba nilisubiri uje uiweke pale mezani. Ungeiweka tu! Umevunja, ukaifunga vizuri, ukairudisha mahali pake, ukanisalimia shikamoo. Nani mwingine alijua ilipo?"

Mkono aliokuwa ameuficha ulitoka mfukoni. Gundi alisimama na patasi viganjani. Namjua mume wangu. Alikuwa anatafuta neno ambalo si uongo na halitavunja kitu, na neno hilo halikuwepo. Nilijua pia kwamba akikosea sasa, mlango ule hautafunguliwa tena baba akiwa hai.

Kisha nikaona. Pale chuma kinapoingia kwenye mpini palikuwa na ukoko uliokauka, mwekundu wa damu ya mzee. Vanishi. Rangi ya kitanda cha pacha wangu.

Ilikuwa Jumamosi, siku mbili kabla ya ile "Kesho usije". Nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimeingia karakana wakati hawapo, nataka kukipaka kitanda nimshangaze Gundi. Kopo la vanishi lilikataa kufunguka. Nikapanda kigoda na tumbo langu, nikashusha chuma pekee nilichojua kinakokaa, nikakichomeka chini ya kifuniko, nikakikandamiza. Kikalia tak! Nikadhani ni kopo. Nikapaka kitanda, nikapangusa kile chuma, nikakifunga kwenye kitambaa vizuri kabisa, kama mtoto niliyefundishwa usafi.

Mdomo wangu siku zote hauna mlango, lakini Jumatano hiyo niliutafuta mlango huo. Ningeweza kunyamaza. Gundi angebeba, amezoea kubeba, na baba angesamehe mara ya pili.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Nilifungulia kopo la vanishi. Sikujua nimeivunja, baba. Haki ya Mungu sikujua."

"Ulifungulia kopo," baba akasema polepole. "Kwa patasi."

"Kwani ulinifundisha patasi ni nini? Miaka yote nafagia humu ndani. Kwangu ilikuwa chuma tu ndani ya kitambaa." Nilitaka kuomba radhi na badala yake nikamgombeza, halafu nikalia, mambo yote matatu kwa pumzi moja.

Baba akakaa kwenye kigoda. Alinitazama mimi, akamtazama Gundi, akatazama mikono yake.

"Sasa mimi," akasema, "Jumapili nilimsamehe nani?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka na machozi yananitiririka. Gundi hakucheka. Alichukua jiwe la kunolea, akalimwagia mafuta, akailaza patasi juu yake, akaisaga mbele, nyuma, mbele, nyuma. Pengo kama lile huwezi kuliziba. Inabidi usage makali yote mpaka yafike lilipoishia, na patasi ifupike. Ni kazi ya siku nzima na zaidi.

"Kitanda cha pacha?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo."

"Kile chekundu?"

"Ndiyo."

Akaendelea kusaga. Sijawahi kuona mgongo wake umekuwa mgumu hivyo, na sikujua kama ni kwangu au kwa baba.

Chakula kilipoa. Baba akasogeza kigoda karibu naye. "Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nisamehe."

Jiwe likanyamaza. Gundi akapangusa mafuta vidoleni. Mtu aliyeomba kila asubuhi miaka saba, nilidhani neno hilo analo tayari mfukoni.

"Sijui, baba," akasema. "Natafuta, sioni. Ningekuwa nalo ningekupa."

Baba akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia neno la Mungu linasemaje, na ninamshukuru kwa hilo. Alichukua chupa ya mafuta kwa ule mkono unaotetemeka, akawa anadondoshea juu ya jiwe, tone huku, tone kule, mengine yakianguka kwenye kiatu cha Gundi. Gundi hakusogeza mguu. Nikachukua ufagio, maana ndicho chombo pekee nilichofundishwa humo, nikafagia.

Ilipofika saa kumi na moja pengo lilikuwa limebaki nusu. Gundi akapangusa patasi. Baba akamnyooshea kile kitambaa cha kijani, lakini Gundi hakukipokea. Aliiweka patasi juu ya meza ya baba, wazi, makali mabovu yakiwa upande wa mzee. Akatundika aproni kwenye msumari wake.

Baba alisimama mlangoni. Alikuwa anataka kuuliza jambo, na nilimwona akiogopa jibu, mzee wa umri ule.

Gundi alimpita, akafika nje, akageuka.

"Kesho nakuja," akasema.

"Na keshokutwa?" baba akauliza.

Hakuwa anafanya mzaha.