Wanda Anawasomea Askari Wastaafu Hadi Maandishi Madogo

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha chini cha mahakama ya wilaya, huku milimani West Virginia, Wanda Kessinger anasoma fomu kwa sauti. Anakwenda mstari kwa mstari, hata yale maandishi madogo ya mwishoni ambayo mwenye haraka zake huyaruka. Mbele yake kakaa askari mstaafu mwenye mkongojo, anapiga miayo.

"Sajenti, nipe nitie sahihi niende zangu. Nimeacha mikate jikoni."

"Mikate itakungoja. Sikiliza kwanza unatilia sahihi kitu gani."

Wanda ana miaka 52. Alikuwa sajenti na mhudumu wa tiba jeshini, huko Iraq. Sasa wilaya humlipa dola 34,000 kwa mwaka awasaidie askari wastaafu zaidi ya elfu moja kupata haki zao. Wanaoishi mabondeni, kusikoshika simu, huwafuata kwa gari lake mwenyewe. Muulize yeyote hapa kwetu atamkimbilia nani mambo yakimwendea kombo, atakutajia Wanda.

Huko kusoma kwa sauti kulianzia kwenye kosa lake, wala halifichi.

Miaka miwili iliyopita alimshauri Burl Tackett, mzee wa miaka 75 aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na kipande cha chuma kichwani, amwachie dada yake Icie kazi ya kupokea pensheni yake na kuipangia matumizi. Hesabu zilikuwa zinamchanganya mzee. Alikatiwa umeme mara mbili na pesa zimo benki. Ushauri ulikuwa mwema kabisa. Lakini siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na Wanda akalipita onyo la maandishi madogo: askari akishahesabiwa kuwa hawezi kushika pesa zake, jina lake hupelekwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuwa na bunduki.

Burl alikuja kujua dukani alipokwenda kununua bunduki, katika wiki ya kuwinda kulungu, wiki ambayo huku kwetu hata shule hufungwa. Muuzaji alipeleka jina lake likaguliwe, kama la kila mnunuzi. Likarudi limekataliwa. Nyuma yake walikuwa wamesimama majirani aliowagawia nyama maisha yake yote.

"Wakawa wanaangalia viatu vyao," anasema Burl. "Mwizi wa kuku ana nafuu, mwanangu. Yeye atafikishwa kwa hakimu ajitetee. Mimi hakimu hata kivuli chake sikukiona."

Siku ileile akampelekea Wanda bunduki aliyoachiwa na babu yake, maana sasa hata kukaa nayo ni kosa. Hakumlaumu kwa neno lolote.

"Bora angenitukana," anasema Wanda, na machozi yanamlengalenga.

Rufaa ya kuliondoa jina hilo ina miezi minane sasa. Na huko Washington upo muswada unaotaka jina la askari lisipelekwe mpaka hakimu aamue kwamba ni mtu wa hatari. Wanaoupinga wanahofia wastaafu watakaojiua kwa bunduki zao, na Wanda hawabezi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Yeye mwenyewe amewazika wanne waliojiua. Nyumbani kwake ana kabati la chuma lenye bunduki ya Burl na nyingine kumi na moja za watu waliomletea kwa hiari yao walipohisi wanazidiwa.

"Wananiletea kwa kuwa wanajua siwaandiki popote," anasema. "Ukimtia mtu hofu ya kuomba msaada wa pesa tu, kesho atakwambia kweli kwamba hapati usingizi?"

Wiki iliyopita, mezani kwa Icie, mbele ya maharage na mkate wa mahindi, Wanda alimuuliza Burl angependa bunduki ikae wapi jina lake likisafishwa, naye akasema ibaki hukohuko kabatini kwa Wanda. Yeye ataifuata msimu wa kuwinda, kisha airudishe.

"Makubwa haya," akasema Icie. "Mimi nimemwomba hivyo miaka ishirini."

"Wewe hukuomba, uliamuru. Sajenti kaniuliza."

Mwezi ujao Wanda anakwenda Washington. Ameitwa atoe maoni mbele ya kamati inayojadili muswada huo. Hajawahi kuhutubia watu zaidi ya ishirini. Lakini la kusema analo.

"Nitawaambia mzee Burl hakukosa lolote," anasema. "Mimi ndiye niliyempa kalamu."