Siku Mama Alipoijibu Mashine

Harufu ya petroli kutoka kwenye jenereta ya jirani imenirudisha machimboni, ndani ya banda la video, siku niliyomfasiria mama tamthilia kwa Kisukuma, nikiwa bado mtoto. Katika tamthilia hiyo kulikuwa na kompyuta iliyojitia ubwana, ikawafungia watu milango na kuwanyima hewa. Tangu niliposikia sauti yake mara ya kwanza, ilinikosesha usingizi wiki nzima, ndiyo maana mama aliacha kuponda mawe akaja kuiona mwenyewe, mikono ikiwa bado na vumbi.

"Inasema hakuna wa kuizima," nilimnong'oneza.

"Inakula nini?" akauliza kwa sauti.

"Umeme, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi wainyime chakula!"

Wachimbaji wakaangua kicheko. "Mama, huyu siyo ng'ombe," mmoja akasema.

Hazikupita dakika tano, binti mmoja kwenye tamthilia akatambaa hadi chumba cha mitambo, akakata nyaya za umeme. Ile sauti ikafifia, ikafa. Banda zima likalipuka kwa shangwe. Yule mchimbaji akainuka kwenye benchi la mbele, akampisha mama.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba," akajibu, akakaa amenyoosha mgongo, nami mapajani pake nikipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.