Asiwe wa Kwanza

Kila mwaka theluji ilipoyeyuka, basi la kupimia saratani lilifika kijijini, na Wakako, muuza tofu, ile jibini ya soya, ndiye aliyewatoa wanawake majumbani. Waliojificha jikoni aliwafuata huko huko.

"Bi Kinu, unamwonea haya daktari au mashine? Mashine haina macho ya kukutamani. Vua, upigwe picha, uje ule achari."

Bi Kinu, na uzee wake wote, alicheka mpaka akakubali. Kijiji hicho cha milimani mkoani Iwate kilimpenda Wakako kwa mdomo wake kuliko tofu yake, ingawa tofu nayo ilikuwa nzuri.

Mwaka wa korona basi halikuja. Upimaji umesimamishwa, walitangaziwa, mpaka hali itulie. Mwezi wa tano, akijisugua bafuni, Wakako akagusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama soya ambayo haijalowekwa.

Zahanati ilimwambia aende Sendai, mji wa mkoa wa jirani, maana hapo karibu mashine zilikuwa zimefungwa. Lakini Sendai kulikuwa na korona, na Iwate, peke yake nchi nzima, haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Watu walijivunia jambo hilo kana kwamba wamelitolea jasho. Wazazi waliwapigia simu watoto wao walioko Tokyo: usirudi, usije ukawa wa kwanza.

Mumewe, Yoshinori, mwenyekiti wa kitongoji, aliweka vijiti vyake vya kulia mezani.

"Ukirudi na ule ugonjwa, mama, hapa tutahama. Unajua."

"Na huu uvimbe, baba?"

"Huo hauambukizi mtu. Subiri basi lije."

Wakako alijua kuliko yeye. Mwezi wa nne mtoto wa Bi Kinu alikuwa amekuja kumzika baba yake, na gari lake lilikuwa na namba za Tokyo. Bi Kinu alipokwenda kununua tofu ya matanga, Wakako alimfungia kidirisha cha duka usoni. "Imekwisha," alisema, na beseni limejaa nyuma yake. Kesho yake vioo vya lile gari vilikutwa vimevunjwa. Sasa kila alipoiwaza Sendai alikiona kidirisha kile, na yeye yuko upande wa nje. Akaogopa, akasubiri.

Julai mkoa ukapata mgonjwa wake wa kwanza, huko mjini. Kijiji kikazidi kujibana. Basi lilikuja Novemba. Wakako alikuwa wa kwanza kupanda, bila mzaha wowote. Daktari alipoiona picha aliuliza kwa nini amechelewa, huku akimwandikia barua ya hospitali kuu. Huko walikuta saratani imeshafika kwenye ini na mifupa.

Theluji iliporudi alikuwa kitandani chumba cha mbele, duka limefungwa. Bi Kinu akaja, barakoa usoni, akasimama mlangoni. Wakako alisikia kila neno kupitia mlango mwembamba wa karatasi wa chumba chake.

"Siingii, mwenyekiti. Nimemletea tofu ya supamaketi. Yenu nasikia imekwisha."

"Asante sana, Bi Kinu."

"Pole. Ila tushukuru, kijiji chetu mpaka leo hakijapata mgonjwa hata mmoja."

Wakako alijiinua kwa kiwiko, akatega sikio. Akangoja mumewe aseme kitu.

"Ni juhudi zenu nyote," alisema Yoshinori, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesifiwa.